Miezi Saba ya Upepo

Mlango wa mbele wa nyumba ile haukuwa na kitasa tangu mwaka gani sijui, na kila ilipofika saa tisa alasiri ilibidi uzuiwe kwa tofali. Ukisahau, umekwisha: upepo unausukuma, unaingia sebuleni, unazoa vitambaa vya wateja mezani, unapita ukumbini mpaka jikoni na kuubamiza mlango wa nyuma, vikombe vikichezacheza kabatini. Mwenye nyumba, mama mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na tofali lake maalumu la kazi hiyo. Mgeni akibisha saa hizo alijibiwa kutoka ndani, "Sukuma kwa nguvu, kuna tofali!"

Ndivyo alivyojibiwa Injinia siku ile. Alisukuma, akapenya ubavuubavu, mabuti yamejaa vumbi, kifuani amekumbatia madaftari makubwa manne ya kiwanja cha ndege.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Rudishia tofali, mwanangu."

Alilirudishia kwa mguu. Alikuwa msichana wa umri wa binti yao, labda mwaka mmoja zaidi, na ndiye aliyekuwa akiongoza mpango wa kukipanua kiwanja. Kwa wiki sita sasa mtaa ulikuwa ukimwogopa. Alipopita na darubini yake ya miguu mitatu, watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya na kuzitazama nyumba zao.

Mume wa Fundi alizima redio. Alikuwa amesoma upepo wa kiwanja kile miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na hata wakwe zake walimwita Mzee Upepo.

"Madaftari yangu yana kasoro?" aliuliza.

"Hayana kasoro, mzee. Yana maajabu." Injinia alilifungua daftari la tatu juu ya meza ya kukatia nguo. "Hapa mwandiko unabadilika. Kuanzia huku mpaka huku, siku mia mbili na kumi na nne. Wewe unaandika upepo kumi na nane, upepo ishirini, basi. Huyu anaandika kumi na nane na robo. Ishirini kasorobo. Nimefanya kazi viwanja vinane, sijamwona mpimaji wa upepo anayeandika robo."

Macho ya msichana yalihama pole pole kutoka daftarini, yakapanda mpaka kwenye utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni mwa Fundi, yakatua hapo.

"Ni mimi," Fundi alisema. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Mwenzangu alianguka kutoka mlingotini akibadilisha vile vikombe vya kupimia upepo vinavyozunguka. Nyonga ikavunjika. Meneja akasema upepo usiposomwa, kazi hana. Basi nikawa natoka mimi. Kila saa, toka kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Nashona mkono mmoja wa shati, nakwenda kusoma upepo, narudi nashona mkono wa pili."

"Na meneja alijua?"

"Alisaini kila ukurasa. Kama alikuwa anasoma anachosaini, hilo muulize yeye."

Ukutani, juu ya redio, kulikuwa na cheti chenye fremu ya dhahabu ya bandia: Mpimaji Bora wa Mwaka. Kilikuwa cha mwaka ule ule. Mzee Upepo alikitazama, akajikuna shingo. Miaka kumi na mmoja wageni walikuwa wakikisifu cheti hicho, naye akijibu asante, na kila asante ilimchoma kidogo.

*

Binti yao alirudi kazini wakati ramani imeshatandazwa. Alikuwa akikagua tiketi pale kiwanjani, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alivua viatu mlangoni na kuzikanda nyayo zake.

"Mwulizeni huyu," Injinia alisema. "Jengo la abiria lilijengwa kwa watu mia na hamsini kwa siku. Leo mmepitisha wangapi?"

"Elfu moja na mia tatu. Mia nne nimewapanga chini ya turubai, jua linawaka. Bibi mmoja amezimia akiwa na tiketi mkononi. Na juu huko ndege mbili zimezunguka dakika arobaini, haziwezi kushuka. Upepo."

"Baada ya miaka ishirini watakuwa elfu saba," Injinia alisema.

"Kwa mwaka?" Fundi aliuliza.

"Kwa siku, mama."

Fundi aliacha kuukunja utepe wake. Elfu saba! Alijaribu kuwapanga kichwani kama wateja wa sikukuu, akashindwa. Wengine walikuwa bado hawajazaliwa. Kuna mama mahali fulani hajamjua hata mume atakayemwoa, na mwanawe tayari amewekewa kiti kwenye karatasi, na choo, na mahali pa kuweka begi. Alimtazama yule msichana mwenye mabuti ya vumbi aliyekuwa akizunguka na umati mkubwa namna hiyo kwenye mkoba wa bega moja.

"Makubwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo lazima ijengwe njia mpya ya ndege, ndefu mara mbili ya hii. Suala ni ielekee wapi." Injinia aliweka kidole kwenye mstari wa buluu. "Huu unafuata njia ya zamani, unaingia kwenye ile nyika. Haumgusi mtu." Kidole kikahamia mstari mwekundu. Huo ulikuwa umelala juu ya mtaa wao, nyumba arobaini na moja.

"Na anayechagua ni nani? Serikali?" binti aliuliza.

"Upepo. Ndege haitaki upepo wa ubavuni. Kanuni inasema njia lazima itumike salama saa tisini na tano katika kila saa mia. Kifaa cha kisasa kililetwa juzi tu, kikaharibika, kwa hiyo tunategemea madaftari haya. Nikiitoa miezi saba ya mama, mstari wa buluu unafaulu. Tisini na tano na chembe. Nikiiweka, unaanguka. Tisini na nne na nusu. Kile kilikuwa kiangazi cha upepo mkali kuliko vyote vilivyoandikwa humu."

"Sasa unataka nifanye nini?" Fundi aliuliza.

Injinia alimsogezea daftari. "Kanuni inataka kila ukurasa usainiwe na aliyesoma. Ukisaini, siku zako zinaingia kwenye hesabu. Usiposaini, kesho saa kumi naziondoa, na hakuna atakayekuuliza neno. Siruhusiwi kukushauri, mama. Nimekuja kukuachia daftari tu."

"Na fidia?"

"Hakuna nyumba itakayoguswa kabla mwenyewe hajalipwa. Hilo nitalishika kwa meno."

"Wote husema hivyo," alisema Mzee Upepo, lakini kwa upole, kwa sababu msichana alionekana kuamini alichosema.

*

Habari zilifika bombani kabla ya ndoo ya kwanza. Asubuhi, Fundi alipotoka kumwaga maji, watu walimsalimia kwa adabu iliyozidi, kama anasalimiwa hakimu. Wengine walimletea kazi ambazo hawakuwa na haja nazo: suruali ya kupunguza inchi, zipu ya mkoba. Mtu anaacha nguo, hatoki, anasema tu, "Si unajua, Fundi, nyumba yangu niliimalizia bati mwaka jana."

Meneja wa kiwanja naye alikuja, na gari, japo ni mwendo wa dakika saba. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba akiogopa pamba za vitambaa zisimshike suti.

"Fundi, usijiaibishe," alisema. "Wewe ni mshonaji. Ukisimama mbele ya wataalamu useme ulipima upepo watakucheka. Kaa kimya tu. Ukikaa kimya kila mtu anabaki na chake. Mzee na cheti chake, mimi na jina langu, mtaa na nyumba zake. Hapo kuna ubaya gani?"

Ubaya, kusema kweli, haukuonekana. Hilo ndilo lililomkera Fundi. Hakuna aliyemwomba aseme uongo. Aliombwa tu asichukue kalamu.

"Suti yako imefumuka kwapani," alimwambia. "Kushoto. Ukiinua mkono watu wataona."

Meneja aliondoka mkono umebana mbavuni.

Ndani, binti alishindwa kuvumilia. "Mama, mimi sisemi kitu. Nauliza tu tutalala wapi. Njia hiyo ikijengwa, kazini kwangu watapanua, labda nipewe ajira ya kudumu, najua. Lakini ni chumba hiki nilichojifunzia kutembea."

"Baba yako anasemaje?"

"Mimi kura sina," Mzee Upepo alisema. "Mwaka ule miguu ilikuwa yako. Ila njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema."

"Na hiyo ya ndege inatakiwa ndefu," binti alidakia, wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliochoka, kisha kila mmoja akatazama kwake.

*

Saa sita mchana Fundi aliisogeza cherehani, akaliweka daftari mahali pake, akakaa. Alisema anataka kuangalia tu. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa ameuona mwandiko ule.

Jamani, ulikuwa wake kweli. Kona ya ukurasa wa tatu ilikuwa na alama ya pasi. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na uzi wa buluu umegandia, wa sare za shule, na alizikumbuka sare zenyewe. Akaendelea kusoma. Namba zilikuwa ndogo, zimesimama wima, mara kumi na tatu kwa siku, na kadiri alivyosoma ndivyo kitu kilivyompanda kifuani. Alikuwa akidhani mwaka ule alihangaika tu, kukimbia huku na huku na shati mkononi. Kumbe alikuwa akijenga kitu. Siku mia mbili na kumi na nne za hewa, kitu ambacho hakuna anayekiona wala kukishika, na zote zilikuwa humu, hazijapotea. Usingeweza kuuliza upepo wa saa nne wa siku yoyote usijibiwe.

Jirani aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, Mama Pacha, aliingia bila kubisha.

"Unasoma au unasaini?"

"Nasoma."

"Ukisaini, unasaini na nyumba yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, mwenzangu. Kwani huoni kalamu nimeishika tangu saa sita, na hata ukurasa mmoja bado?"

Fundi alifunua kurasa kadhaa, akasimama kwenye moja ambayo wino ulikuwa umekwaruza karatasi.

"Unaikumbuka ndege iliyotua upandeupande?"

"Ile iliyokuja kama kaa? Nani ataisahau. Nilimwaga maharage."

"Nilikuwa chini ya mlingoti. Ilishuka pua inatazama huku kwetu, magurudumu yanatazama kule. Bawa moja likainama mpaka nikaiona misumari yake. Dirishani nilimwona mwanamke amemfunika mtoto wake macho kwa kiganja. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, ikakaa. Nilitaka kukimbia. Lakini saa ilikuwa tisa, nikasoma, nikaandika. Hii hapa. Ishirini na saba na robo tatu, kutoka ubavuni." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Leo nikinyamaza, upepo huu haukuwahi kuvuma. Sasa yule mwanamke alikuwa anamfunika mtoto macho ya nini?"

"Huyo ni mtoto wa mwenyewe. Mimi nina wangu wawili."

"Na wao siku moja watapanda ndege, Mama Pacha. Watu elfu saba kwa siku, unadhani wako watakosa?"

Fundi aliweka saini ya kwanza. Hakuwa mtu wa kusaini vitu. Ilitoka kubwa, imepinda. Ya pili ikanyooka kidogo. Mzee Upepo alisogea na kiti kuja kumfungulia kurasa. Binti akawa anapuliza wino. Mama Pacha alibaki amesimama pale pale, mikono kiunoni, anahesabu saini kama mtu anayehesabu mabati yanavyong'olewa paani kwake.

Walipofika ukurasa wa mia na sitini na moja, Fundi aliinua kalamu.

"Huu hapana."

"Una nini?" mumewe aliuliza.

"Saa nane. Hii sikuisoma. Nilipitiwa na usingizi kichwa kikiwa juu ya cherehani. Nilipozinduka ilikuwa tisa kasorobo, nikaandika ile ile ya saa saba." Alichukua rula ya kukatia, akaikata kwa mstari saa ile, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mdogo: *Nililala.* Kisha akasaini chini.

Mama Pacha alishindwa kujizuia. "Saa moja katika miezi saba! Ungeiacha tu. Nani angejua?"

"Hakuna."

"Jamani, Fundi! Ungekuwa mwongo kidogo tu, kidogo hivi, leo ningekuwa na nyumba." Machozi yalimlenga, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alivuta kigoda akakaa, akayafuta kwa khanga yake. "Haya, endelea. Fanya upesi kabla sijalichana hilo daftari."

*

Saa kumi kamili Injinia alisukuma mlango na tofali lake. Alilipokea daftari kwa mikono miwili, akalipekua akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa mia na sitini na moja alisimama muda mrefu, akisoma lile neno moja. Aliinua macho, akayarudisha chini.

"Mama, nimetumia vipimo vya watu wenye shahada mbili. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuwa alilala."

"Basi hawalali," Fundi alisema. "Mimi nililala."

Mzee Upepo alikuwa amekishusha cheti kutoka ukutani. Alikigeuza, nyuma akaandika jina la mkewe kwa mwandiko wake wa zamani wa ofisini, akakipachika tena msumarini, mgongo ukiwa mbele. Fundi alimwambia kimekaa kombo, akakinyoosha.

Injinia alikaa na kompyuta yake juu ya meza ya kukatia, akaingiza namba, akatoa ile saa moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Tisini na nne na nusu. Kisha aligeuza kioo ili mama aone, na kwenye kioo kulikuwa na mchoro kama ua lililochanua, petali ndefu na fupi kuzunguka duara.

"Hili tunaliita waridi la upepo. Kila petali ni mahali upepo unapotokea. Ikiwa ndefu, ujue unatoka huko mara nyingi na kwa nguvu. Hii ni miezi yako."

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Petali moja ilikuwa ndefu kuliko zote, imechongoka. Aliitambua papo hapo, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali. "Huyu ni wa saa tisa," alisema. "Ndiye yeye. Loo! Kumbe ana sura!"

Alicheka kwa furaha, mkono mdomoni, na kwa dakika nzima alisahau kabisa kilichokuwa kinapotea hapo. Binti alisogea kutazama. Mama Pacha naye alisimama kutoka kigodani, akatazama.

"Njia ya ndege itafuata petali hiyo," Injinia alisema. "Ni lazima ndege ziukabili upepo huo uso kwa uso." Aliweka rula juu ya ramani, akaivuta polepole juu ya mtaa mpaka kwenye kisanduku kidogo kilichokuwa nyumba ile. "Katikati ya njia itapita hapa. Inaingia..." Aliinua kichwa kuulinganisha mchoro na chumba. "Inaingia mlango huu wa mbele. Inapita sebuleni, ukumbini, inatokea jikoni."

Wote watatu wa nyumba ile waliligeukia tofali.

*

Wote walilipwa, ingawa ilichukua mwaka na miezi miwili, na meno ya Injinia yalitumika kweli. Mama Pacha alipata kiwanja jirani na cha Fundi upande wa pili wa mji, na kwa miezi mitatu hawakusemeshana, mpaka mmoja wa mapacha alipochana suruali.

Siku ya kuhama, Fundi alitoka wa mwisho. Cherehani ilikuwa imeshapakiwa, cheti kimefungwa kwenye blanketi, mumewe na binti wanangoja garini. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Alisimama katika sebule tupu akausikia mlango ukianza kusukumwa, taratibu kwanza, kama kawaida yake. Miaka ishirini na minane alikuwa akimzuia huyu mgeni kwa tofali.

Aliinama, akaliokota, akausogelea mlango wa jikoni akaufungua wazi. Kisha akarudi kusimama kando, mgongo ukutani, kumpisha.

Mlango wa mbele ulifunguka wote. Upepo ukaingia, ukapita ilipokuwa imekaa meza, ukapita ukumbini, ukatoka jikoni bila kugonga kitu.

"Pita," alisema Fundi. "Tumekuwekea njia."